Nguruwe koko: Marekani wameshindwa nao, sisi Uganda tumesalimikaje?

#1 Mkulima wa Kiryandongo

Habari zenu wanajukwaa. Nina jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu mvua zianze.

Mwaka jana homa ya nguruwe iliingia kijijini kwetu. Jirani yangu, alipoona watatu wamekufa ndani ya siku mbili, alifungua banda usiku akawaswaga waliobaki nje, akidhani anawaokoa. Wengi walirudi wenyewe kufuata pumba. Jike mmoja mweusi, mwenye baka jeupe begani na kipande cha kamba bado shingoni, alishika njia ya kuelekea hifadhi ya Karuma na hakurudi. Wiki mbili zilizopita nilimwona alfajiri ndani ya mihogo yangu. Kamba haikuwepo tena, manyoya ya mgongoni yalikuwa yamerefuka, na nyuma yake walikuwepo watoto sita. Mke wangu anaapa kwamba wawili kati yao walikuwa na mistari.

Nimesoma kwamba Florida haikuwa na nguruwe hadi Hernando de Soto aliposhuka huko mwaka 1539 akiwa na wachache wa kuwalisha askari wake. Leo nguruwe koko wa Marekani wanakadiriwa kuzidi milioni 6, wameenea katika majimbo zaidi ya 30, na hasara yao kwa mwaka huhesabiwa kwa mabilioni ya dola. Sisi sensa ya mifugo ya 2008 ilitupa nguruwe milioni 3.2, na tangu hapo wameongezeka sana, wengi wao wakiwa wamefungwa kwa kamba moja chini ya mfenesi. Dai langu ni kwamba na sisi tunangoja zamu yetu tu. Kama nimekosea, nielezeni ni nini kinachotukinga.

#2 Mwalimu wa Arua

Karibu, ndugu. Kabla watu hawajaanza kurushiana hoja, tukubaliane kwanza tunamzungumzia mnyama gani, kwa sababu nguruwe koko si nguruwe pori, kama vile mbwa koko si mbwa mwitu. Nguruwe koko ni wa kufugwa aliyetoroka, au mzao wake. Nguruwe pori tuliye naye hapa ni mwenyeji wa Afrika: ana singa ndefu za rangi ya kupauka mgongoni, vishungi vya nywele kwenye ncha za masikio, na anapokimbia mkia wake huning'inia. Ngiri hukimbia amesimamisha mkia kama antena ya redio. Yupo pia nguruwe mkubwa wa msituni, yule mweusi ambaye wageni huenda kumtazama katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Hawa watatu hawawezi kuitwa wavamizi, kwa kuwa walikuwepo kabla yetu.

Sasa, kuhusu watoto wenye mistari: watoto wa nguruwe pori huzaliwa na mistari. Ninashuku kwamba mmeona familia mbili tofauti katika shamba moja la mihogo.

#3 Daktari wa Mifugo, Masaka

Jibu liko katika mstari wa kwanza wa hadithi ya Mkulima. Kinachotukinga ni homa yenyewe. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa makundi, ilhali ngiri walioishi jirani nao hawakuonyesha dalili yoyote. Ngiri huambukizwa akiwa mdogo ndani ya shimo lake, kwa kuumwa na kupe laini, kisha huishi na virusi maisha yake yote bila kuugua. Nguruwe wa kufugwa akipata virusi hivyo, mara nyingi hamalizi wiki mbili.

Kwa hiyo nguruwe anayetorokea porini kwetu anakimbilia mahali ambapo kifo kinamngoja ndani ya shimo. De Soto na wenzake walishusha nguruwe katika bara ambalo halikuwa na virusi hivi, na ninaona hilo linatosha kueleza tofauti yote.

#4 Binti Bombo

Asante, Daktari, ingawa mimi ninaona sababu ni nyepesi kuliko kupe na virusi: huku kwetu nguruwe hana pa kutorokea. Mimi ni Mwislamu, nyumba yetu imezungukwa na majirani wafugaji, na ninawafahamu nguruwe wao mmoja mmoja kuliko wenyewe wanavyowafahamu. Dume mmoja alikata kamba siku ya soko akaingia katika viazi vya shangazi. Kabla ya adhuhuri mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, alikuwa ameshakaa chini ya mwembe na wazee wanne, mwenye nguruwe ametozwa fidia, na dume amerudishwa akiwa amefungwa miguu yote juu ya boda boda.

Nguruwe koko anahitaji mahali ambapo hakuna mtu anayempigia kelele. Texas kuna mashamba ambayo mwenyewe huyazunguka kwa gari siku nzima. Nionyesheni shamba la namna hiyo hapa Luwero.

#5 Mzee wa Kasese

Wanangu, mnamsahau chui. Nimeishi kando ya hifadhi tangu utoto, na ninawaambia kwamba nguruwe wa kufugwa ni mnyama mnene, mwenye kelele na asiyejua kunusa hatari. Chui akimpata, asubuhi utakuta kwato tu. Nguruwe pori anajua kukaa kichakani mchana na kutoka gizani, na ngiri ana shimo la kuingia kinyumenyume, meno yakiwa yameelekea mlangoni. Huyu wetu wa bandani hana ujuzi wowote kati ya huo.

#6 Mwalimu wa Arua

Shikamoo Mzee. Ninaheshimu kauli yako, lakini wanyama wala nyama peke yao hawajawahi kumaliza nguruwe. India chui na simba milia wamekula nguruwe-mwitu tangu zamani, na wakulima wa huko bado wanalalamika. Pale Pantanal, eneo la kinamasi nchini Brazil, kuna jaguar ambaye ni mkubwa kuliko chui wetu, na hata hivyo nguruwe waliotoroka wafugaji wameishi humo kwa zaidi ya karne moja. Tena, kabla mtu hajaleta hoja kwamba nafasi ya nguruwe porini kwetu imeshajazwa na ngiri na nguruwe pori: Pantanal kuna pekari, mnyama wa kufanana na nguruwe kabisa, na hakuwazuia.

#7 Mchoma Nyama, Wandegeya

Mnazunguka mbuyu. Jibu ni sahani. Nguruwe akionekana hana mwenyewe katika nchi hii, hafiki jioni ya siku ya pili. Mimi nina meza kumi na mbili, Ijumaa hazitoshi, na wateja wanasubiri wamesimama huku muhogo unakaangwa. Mnataka kuniambia kilo themanini za nyama zinaweza kutembea porini bila mtu kuzifuata?

Mkulima, jike wako nitamchukua bila hata kupima.

#8 Mkulima wa Kiryandongo

Mchoma Nyama, huyo si wangu, na jirani ameshaanza kudai kwamba bado ni wake isipokuwa pale ninapotaja mihogo iliyoharibika.

Hoja yako ina kasoro moja. Nguruwe pori naye ni nyama, watu wa kwetu wamemwinda kwa mbwa na nyavu tangu enzi za mababu, lakini kila msimu anarudi katika karanga zangu kana kwamba amealikwa. Hula usiku mmoja kile ambacho nimekipalilia miezi mitatu. Kama sahani ingekuwa dawa, huyo angekuwa ameisha.

#9 Mtanzania wa Mutukula

Salamu kutoka mpakani. Sisi kitoweo hicho tunakiita kitimoto, na ninamuunga mkono Mchoma Nyama kwa moyo, ingawa si kwa hoja.

Jambo ambalo halijatajwa ni mkono wa mwindaji. Huko Marekani nguruwe hawakuenea kwa miguu yao tu, watu waliwabeba. Mwaka 1912 nguruwe-mwitu wa Ulaya walipelekwa Hooper Bald, North Carolina, kwa ajili ya uwindaji wa burudani, wakatoroka na kuchanganyika na nguruwe koko waliokuwepo. Jimbo la Tennessee lilifungua uwindaji wao kila mahali mwaka 1999, likitarajia bunduki zitawapunguza. Walichopata ni watu waliowapakia nguruwe kwenye magari usiku na kuwaachia karibu na nyumbani kwao, ili wasilazimike kusafiri kwenda kuwinda. Wakatoka wilaya chache wakafika makumi ya wilaya, na mwaka 2011 jimbo likafunga uwindaji huo wa burudani.

Hapa hakuna anayemwaga nguruwe porini ili apate mchezo. Nguruwe ni ada ya shule. Mtu atamwachiaje?

#10 Mwanafunzi wa Wanyamapori

Ninawasalimu wote. Nina marekebisho mawili.

La kwanza ni kwa Daktari (#3). Homa inaua, hilo halina ubishi, lakini kuua wengi si sawa na kumaliza wote. Kisiwa cha Sardinia, Italia, kilipata ugonjwa huu mwaka 1978 na ukakaa huko zaidi ya miongo minne, ukizunguka kati ya nguruwe-mwitu, nguruwe wa banda na wale walioachwa huru milimani. Kwa muda wote huo nguruwe wa milimani hawakutoweka. Kwa hiyo homa pekee haitoshi kueleza kwa nini sisi hatunao.

La pili ni kwetu sote, kwa kuwa tunazungumza kana kwamba Afrika imesalimika. Afrika Kusini, katika jimbo la Western Cape, wapo. Miaka ya 1920 idara ya misitu iliwaachia nguruwe-mwitu wa Ulaya katika mashamba ya misonobari ili wale mabuu ya nondo waliokuwa wakishambulia miti hiyo. Wazao wao bado wanachimba ardhi huko, na wanatajwa miongoni mwa maadui wa kobe mmoja adimu ambaye haishi popote pengine duniani.

#11 Daktari wa Mifugo, Masaka

Mwanafunzi, nimekubali nusu. Sardinia haina ngiri, na kupe wale hawahusiki huko. Virusi vilisambazwa na nguruwe wenyewe na mizoga yao. Kwetu hata nguruwe wakifa wote, ugonjwa unabaki umejificha ndani ya shimo ukimngoja mgeni anayefuata. Hiyo ni tofauti kubwa. Kuhusu Western Cape, ngiri na kupe wenye virusi wanajulikana zaidi kaskazini mwa nchi ile kuliko kule kusini, jambo ambalo linaipa nguvu hoja yangu badala ya kuipunguza.

#12 Binti Bombo

Haya, tuseme Mkulima ana bahati mbaya na jike wake anaishi. Afanye nini? Nimesikia Texas wanawapiga risasi kutoka kwenye helikopta.

#13 Mtanzania wa Mutukula

Ni kweli, sheria ya mwaka 2011 iliruhusu watu binafsi kulipia kiti ndani ya helikopta na kufyatua. Mwaka 2017 wakaongeza puto la hewa moto. Sitanii, lipo kwenye sheria. Jimbo lile lina nguruwe zaidi ya milioni mbili na bado wanazaliana kwa kasi kuliko risasi, kwa sababu jike hubeba mimba siku 114 tu, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na binti zake huanza kushika mimba kabla ya kutimiza mwaka. Wataalamu wa huko husema kwamba ukiondoa chini ya theluthi mbili ya kundi kwa mwaka, hujapunguza kitu. Juu ya hayo, wawindaji wa kulungu humwaga mahindi porini kwa vilishio vya mashine, nguruwe wakashukuru.

#14 Mzee wa Kasese

Nitamwomba mwenyekiti wetu wa LC puto. Ataniuliza kama nina barua.

#15 Mwanafunzi wa Wanyamapori

Mzee umenichekesha darasani.

Binti, mahali walipofaulu kabisa ni visiwani, kwa sababu ukimaliza hakuna wengine wa kuingia. Santa Cruz, kisiwa cha California, waliondoa nguruwe zaidi ya 5,000 kati ya 2005 na 2006. Walikigawa kisiwa kwa uzio katika kanda, wakasafisha kanda moja baada ya nyingine kwa mitego na helikopta, na mwishoni wakawafunga wachache mitambo ya redio na kuwaachia. Nguruwe hapendi upweke, kwa hiyo huyo aliyefungwa redio huwatafuta wenzake waliojificha na kuwaonyesha wawindaji walipo. Wanamwita Yuda.

Bara, njia inayosifiwa zaidi ni zizi la mtego, ambalo unaliacha wazi kwa siku kadhaa ukiweka chakula hadi kundi lote lizoee kuingia, ndipo unaangusha mlango. Ukikamata watatu kati ya saba, wanne waliobaki watakuwa wamepata elimu na hutawaona tena mtegoni.

#16 Mchoma Nyama, Wandegeya

Kwa nini wasitumie sumu wakamaliza biashara? Siungi mkono, maana inaharibu nyama. Ninauliza tu.

#17 Daktari wa Mifugo, Masaka

Tafadhali, wazo hilo lisimtoke mtu hapa likaenda kijijini. Ipo sumu iliyofanyiwa kazi Australia na Marekani, inayotokana na naitriti ya sodiamu, chumvi ile ile inayotumika kuhifadhi nyama. Nguruwe ana uwezo mdogo wa kuihimili, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, na anakufa katika muda wa saa chache. Taabu ni makombo: nguruwe ni mlaji mchafu, anamwaga, na katika majaribio ya Texas ndege waliokula makombo hayo walikufa. Sisi tunajua vizuri zaidi jinsi sumu isivyochagua. Mwaka 2018 simba 11, wengi wao watoto, walikufa kwa sumu ndani ya Queen Elizabeth. Mzoga mmoja wenye sumu hufuatwa na tai, fisi, na mbwa wa mtu.

#18 Mzee wa Kasese

Nilikuwepo wilayani mwaka huo. Daktari amesema kweli, tuliache.

#19 Binti Bombo

Ninarudi kwa watoto wenye mistari, kwa sababu Mwalimu aliwapita haraka mno. Je, haiwezekani jike huyu amepandwa na dume la nguruwe pori? Shangazi anasema hilo hutokea.

#20 Mwalimu wa Arua

Wafugaji wengi husema hivyo, na madume wa porini kweli huonekana karibu na majike ya bandani. Lakini kuonekana pamoja si kuzaa pamoja. Nguruwe wa kufugwa ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 38, nguruwe pori wetu ana 34. Hesabu hizo hazilingani.

#21 Mwanafunzi wa Wanyamapori

Mwalimu, hitimisho ninalikubali, ila hiyo njia uliyopitia inaweza kukuangusha. Nguruwe-mwitu wa Ulaya magharibi ana 36, anapandana na wa banda mwenye 38, na watoto wenye 37 wanazaliwa wazima na kuzaa. Kwa hiyo hesabu peke yake haizuii. Kizuizi ni umbali wa ukoo: yule wa Ulaya na wa banda ni mnyama mmoja, mwitu na mfugo, ilhali nguruwe pori wetu ni wa jenasi, yaani tawi la ukoo, nyingine kabisa. Na hapa ndipo ninapoona hatari ya Marekani haituhusu kwa namna ile ile, kwa kuwa kule nguruwe koko alichanganyika na ndugu yake wa mwituni akapata ukali, manyoya na mbio. Kwetu hana ndugu wa kumfundisha.

#22 Mwalimu wa Arua

Nimesahihishwa, nashukuru. Hata hivyo Pantanal yangu bado imesimama, hakuna aliyeijibu.

#23 Mtanzania wa Mutukula

Ninaijibu: Pantanal haina homa ya nguruwe, haina mwenyekiti wa LC, na haina Mchoma Nyama. Pengine hakuna ukuta mmoja, kuna miiba mingi midogo.

#24 Daktari wa Mifugo, Masaka

Kupe bado ni mwiba mkubwa kuliko yote.

#25 Mchoma Nyama, Wandegeya

Sahani.

#26 Mzee wa Kasese

Mkulima, kabla hujatega chochote, kumbuka kwamba nguruwe pori, nyani na tumbili wamewekwa katika kundi la wanyama waharibifu, na kazi ya kuwadhibiti iko mikononi mwa wilaya. Nenda ukamwone afisa anayehusika. Kama mnyama ni wa jirani, hilo ni la LC, si la wilaya, na usije ukamchinja halafu baka jeupe likakushtaki. Wala usichimbe shimo. Ndama wangu alivunjika mguu ndani ya shimo la mtu aliyekuwa akitafuta nguruwe pori.

#27 Mkulima wa Kiryandongo

Ninawashukuru. Nilifuata ushauri wa Mwanafunzi (#15). Nilijenga zizi la nguzo za mti, la duara, nikaweka machicha ya pombe pamoja na maembe yaliyooza, na mlango nikauacha wazi kwa siku nne. Siku tatu za kwanza hakuna kilichoguswa. Jana usiku nikasikia mlango umeanguka.

Ndani alikuwemo beberu wa mwenyekiti. Alikuwa amekula machicha yote na amelala ubavu, macho wazi, hajui aliko.

Lakini kwa nje kulikuwa na nyayo, kubwa na ndogo, zimezunguka zizi lote mara moja bila kuingia. Nguzo moja ilikuwa na tope bichi hadi usawa wa goti langu, mahali ambapo mnyama amejisugua, na katika tope hilo zilinasa nywele tatu. Mbili nyeusi, moja nyeupe.

#28 Binti Bombo

Nyeupe! Ni jike wako, huyo mwenye baka begani.

#29 Mwalimu wa Arua

Au ni nguruwe pori, ambaye singa zake za mgongoni ni za kupauka. Nywele hiyo ina urefu gani?

#30 Mkulima wa Kiryandongo

Ni kama kidole changu cha shahada. Jirani anasema ni ya nguruwe wake, mke wangu anasema si yake. Nimeifunga ndani ya karatasi. Beberu ameamka, na mwenyekiti anataka fidia.